Mstari wa Aabo

Thika, 12 Mei 1957

Kwako Aabo,

Assalamu aleikum. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, pamoja na Hooyo mama yetu, dada Saynab, na mbuzi waliosalimika Idi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu na kikohozi kimenishika. Tafadhali usimwambie Hooyo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Serikali imekubali bulla yetu, mtaa mzima, ichague mtu wa kuketi kwenye kamati ya mji, nawe umeamua kugombea. Nani mwingine angegombea? Ulizaliwa hapo kabla ya bendera na kabla ya posta. Hata Hirsi mshindani wako, na malori yake yote, alikukuta.

Naelewa pia kwamba shabaha yako si kiti, ni njia ya mtoni. Kamati ikipitisha ule ua wa seng'enge kando ya Tana, kina mama watalazimika kuzunguka na punda wao mpaka kwenye pantoni ndipo wapate maji. Hooyo na mgongo wake atazungukaje? Waambie watu hivyo hivyo. Nimekuandikia hotuba nyuma ya karatasi hii. Sehemu ya Warumi wa kale unaweza kuifupisha.

Jana mwalimu aliuliza nani ana habari za kwao. Unajua nikisimama mbele ya watu sauti hunipotea. Lakini nilisimama. Nikasema, "Baba yangu anagombea kamati ya mji," nikaketi. Basi.

Mwanao,
Dakane

Garissa, 2 Juni 1957

Mwanangu Dakane,

Waaleikum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto ni lile lile. Hooyo nimemwambia habari ya kikohozi, maana mimi siwezi kulala na siri yake. Amempa Yusufu wa lori chupa ya samli akuletee. Unywe, usiwagawie wenzako.

Saynab anatucheka kwamba baba na mtoto wa Kisomali tunaandikiana Kiswahili. Nifanyeje? Lugha yetu tunaisema tu, hatujakubaliana namna ya kuiandika. Na Kiswahili changu ni cha kortini. Baada ya miaka yote ile ya ukalimani, kila nikikuandikia najiona kama nakusomea mashtaka.

Hotuba yako niliisoma barazani. Walisikiliza vizuri mpaka Warumi. Hapo babu yako, Awowe Gedi, akainua mkono. "Billow, hao Warumi ni wa ukoo gani?" Nikasema ni watu wa zamani, wa mbali. "Na ngamia wao wananywa kisima kipi?" Watu wakacheka mpaka mmoja akaangusha kofia. Siku hizi nikipita sokoni naitwa Mrumi. Usisikitike. Jina hilo limenisaidia kujulikana kuliko hotuba.

Uchaguzi ni Jumamosi, tarehe 22. Hakuna sanduku wala karatasi. Tutasimama uwanjani mbele ya ofisi ya DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na anayemtaka mgombea atasimama nyuma yake, wahesabiwe vichwa. Nimechoka, mwanangu. Kila nyumba ni lazima niingie, kila nyumba chai, kila chai sukari ya harusi. Kaaha, yule mjane anayeuza maziwa, aliniambia, "Mimi mwanamke hawanitaki kwenye mstari. Lakini kijana wangu atasimama nyuma yako, na asiposimama asirudi kwangu kula." Nikamwambia ua hautapita. Nimewaambia wengi hivyo. Naona sasa watu wetu ni wengi kuliko wa Hirsi.

Soma.

Aabo yako,
Billow

Thika, 30 Juni 1957

Kwako Aabo,

Assalamu aleikum. Mko wazima? Samli ilifika na kikohozi kimepungua.

Tarehe 22 imepita na sijapata neno. Najua posta ni ya polepole. Wenzangu wananiuliza kila asubuhi, "Vipi, Mheshimiwa?" Nawaambia bado wanahesabu. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Dakane

Thika, 7 Julai 1957

Kwako Aabo,

Assalamu aleikum. Natumaini mko salama.

Jana nilimwona Yusufu sokoni akijaza lori mahindi. Nilikuwa na wenzangu. Nikamuuliza kura ziliendaje. Akapiga paja. "We hujui? Baba yako kamaliza kazi mapema! Alimpa Hirsi mstari wote, na yeye mwenyewe akaenda kujipanga nyuma yake!" Nikadhani ananitania, kama kawaida yake. Nikamwambia aape. Akaapa. Mmoja wa wenzangu akasema, "Basi huyo ndiye mheshimiwa wenu." Nilirudi bwenini peke yangu.

Aabo, sijui niandike vipi bila kukosa adabu. Ulimwahidi Kaaha. Ulimwahidi Hooyo. Mimi nilisimama darasani nikasema. Kama Hirsi angekushinda ningeeleza, kushindwa kunaelezeka. Hili nitalieleza kwa maneno gani? Uliogopa? Au alikupa kitu?

Dakane

Garissa, 20 Julai 1957

Mwanangu Dakane,

Waaleikum salaam. Tuko wazima wa mwili.

Umeniuliza, nitakujibu. Sikupewa kitu. Kuogopa, labda. Sikiliza, upime mwenyewe.

Ijumaa, siku moja kabla ya uchaguzi, baada ya alasiri, wazee waliingia kwetu. Mbele yao Awowe Gedi. Tangu siku aliponipa mama yako sijawahi kumkatalia jambo, na hajawahi kuniomba kitu. Hooyo akaleta chai. Wakapokea vikombe, wakaviweka chini. Hakuna aliyegusa. Unajua maana yake kwetu: mgeni akiacha chai yako mkekani ana ombi, na hatakunywa kwako mpaka umpe.

"Kunyweni," nikasema. "Inapoa."

"Ipoe," akasema Awowe Gedi. "Tumekuja kuchukua kitu."

"Kitu gani, Awowe?"

"Mstari wako wa kesho."

Akaendelea. "Una watu wengi kuliko Hirsi. Hiyo ndiyo shida. Kesho Mzungu atasimama na fimbo yake aone ndugu wa tumbo moja, huyu huku, huyu kule. Kijana atamwona baba yake kwenye mstari mwingine. Wakirudi nyumbani watakula sahani moja? Hirsi amekwisha kukataa kuondoka. Tumebaki na wewe, mwenye kusikia."

"Na njia ya mtoni?"

"Hirsi ataisemea."

"Hirsi anautaka huo ua."

"Hirsi ana malori. Mwaka wa ukame mahindi yalikuja na nini, na Warumi wako?"

Hapo mama yako akasema nyuma ya pazia, "Baba, kunywa chai. Maji yake yamekuja juu ya mgongo wangu, na mwakani sijui yatakuja vipi." Mzee akainamisha kichwa. Kikombe hakukigusa.

Tulikaa. Chai ikafanya utando. Jua likaanza kushuka, na wao wazee, mmoja analamba midomo kwa kiu. Mwanangu, ukiwa mtu mzima utajua kama unaweza kumwacha baba wa mkeo atoke nyumbani kwako hajanywa. Mimi sikuweza. Nikasema, "Mmepewa." Wakanywa ile chai baridi, wote, mpaka chini. Hakuna aliyefurahi.

Jumamosi nilikwenda uwanjani nikasimama nyuma ya Hirsi, watu wasije wakabaki wakinisubiri. Kijana wa Kaaha, anayeniita ami, akanijia mbio. "Adeer Billow, sisi tusimame wapi?" Nikamwonyesha nyuma yangu. Akanitazama kwanza, ndipo akasimama. Kiti sikukililia. Lile jicho lake ndilo limeninyima usingizi, na ndilo lililonizuia kukuandikia.

Likizo ya Agosti tunakungoja. Saynab amekushonea mto wa kulalia.

Aabo yako,
Billow

Thika, 4 Agosti 1957

Aabo,

Assalamu aleikum. Mimi mzima. Barua yako nimeipata.

Likizo hii nitabaki shuleni nijisomee. Mwalimu ameruhusu. Msalimie Hooyo, na umwambie Saynab ahsante kwa mto.

Dakane

Garissa, 29 Septemba 1957

Mwanangu Dakane,

Assalamu aleikum. Afya yako? Hapa Hooyo anaumwa mgongo lakini anatembea, Saynab mzima, na mimi nimepungua kidogo. Likizo ilipita. Sikuandika kwa sababu sikutaka uone kama nakusukuma.

Ua umewekwa. Waliuanza mwezi wa nane, waya tatu na nguzo, kutoka kwenye pampu ya serikali mpaka pantoni. Hirsi alisema neno moja kwenye kamati, akajibiwa neno moja, akaketi. Simlaumu sana. Kina mama wakaanza kuzunguka. Wiki ya pili punda wa Kaaha aliteleza kwenye tope la pantoni, akamwangukia mguuni. Hakuvunjika. Waliponiletea habari nilikwenda kumjulia hali. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, wala hakutaja jambo lolote. Afadhali angenitukana.

Sasa, kiwanja chetu unakijua, kinashuka mpaka majini, na karatasi yake nilipewa zamani. Waya umefika mpakani kwetu ukasimama, ukaendelea upande wa pili. Niliporudi kutoka kwa Kaaha nilichukua panga nikakata boma letu la miiba, mbele na nyuma. Nikamwita Fatumo wa jirani, aliyekuwa akipita na punda, nikamwambia pita hapa. Akasema, "Ndani? Katikati ya nyumba ya watu?" Nikamwambia apite. Kufikia jioni bulla nzima ilikuwa imepita.

Askari wa mji alikuja, kijana wa Kotile. "Mzee, umefungua njia bila ruhusa."

"Nimefungua mlango wangu. Hawa ni wageni."

"Wageni na punda?"

"Wewe kwenu Kotile mgeni akija na punda mnamfukuza punda?"

Akacheka, akaomba maji. DC amepata habari na mpaka leo hajasema kitu. Anaweza kusema kesho. Sijui.

Nikwambie ukweli, nimechoka kuliko siku za uchaguzi. Wanaanza kabla ya swala ya alfajiri. Kila anayeingia lazima anisalimie, na salamu zetu hazina ufupi: umeamkaje, nyumba imeamkaje, mbuzi wameamkaje. Nikimaliza na huyu anaingia huyu. Wakishasalimu wanatua ndoo na kueleza shida zao: mtoto ana homa, mume hajarudi kutoka Bura, mwenye duka amempunja. Kamati ya Hirsi inakaa mara moja kwa mwezi. Mimi nakaa kila siku na sina kiti. Uwanja umekuwa tope na mavi ya punda, kuku wamehama, na Hooyo amehamishia jiko ndani. Anasema mimi nimewapa watu vitu viwili, wazee mstari na wanawake nyumba yake, na yeye hakuulizwa popote. Ni kweli.

Nakuuliza tu, sikuamuru. Desemba utakuja?

Aabo yako,
Billow

Thika, 17 Novemba 1957

Kwako Aabo,

Assalamu aleikum warahmatullahi. Naomba Mungu barua hii ikukute na nguvu, na mgongo wa Hooyo uwe umepata nafuu. Mimi mzima. Mitihani imekwisha. Nadhani hesabu sikufanya vizuri.

Nimechana barua nyingi kabla ya hii. Naomba nikuambie kwa heshima yote kwamba bado naona ulikosea kutoa ule mstari. Nimejaribu kuona vinginevyo nimeshindwa. Nimejiweka pale mkekani mbele ya Awowe Gedi, chai inapoa, nikajaribu kumwambia hapana. Mara nyingine nafaulu. Kisha namkumbuka jinsi anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, nashindwa tena. Sijui kama nikiwa mtu mzima itakuwa rahisi zaidi. Nilidhani itakuwa.

Yusufu atanichukua tarehe 7 Desemba. Lori litavuka kwa pantoni, nami nitashuka hapo hapo. Mwambie Saynab ampe Kaaha debe moja tupu aniachie ukingoni, chini ya kiwanja chetu. Nitafuata mto kwa miguu, nilijaze, niingie kwa upande wa nyuma pamoja na wenye punda. Najua kwetu wavulana hawachoti maji, na watu watanitazama, nami sipendi kutazamwa. Watazame.

Usinyanyuke ukiniona. Nitakusalimu zamu yangu ikifika.

Mwanao,
Dakane