Kiti cha Mama Mkwe

Changamwe, Mombasa
Jumatano jioni

Kwa mke wangu mpenzi, Mama Mueni,

Nakusalimu nikiwa nimekaa juu ya tairi, maana kiti cha ofisi naogopa kukikalia na hii suruali ya grisi. Mimi mwili hauna neno. Wewe je, unakula? Usiseme ndiyo kwa sababu tu nimeuliza. Na watoto ulienda nao hapo Kithyoko, ama walibaki Mitaboni na dada yangu? Najua kwa mama yako sasa kumejaa watu na hata pa kulala hakuna, lakini nauliza hivyo hivyo.

Jana uliponipigia kwa simu ya duka, ukanyamaziwa, ulidhani laini imekatika. Ukaita, "Haloo, haloo, Baba Mueni." Nilikuwa hapo. Mdomo ndio haukuwa. Na haya sitaki kuyasema kwa hiyo simu, mwenye duka akisikiliza na watu wa sukari wamepanga foleni. Ndiyo maana naandika. Barua nampa dereva wa basi, kesho iko kwako.

Mama Mueni, nataka ujue vile nilikuwa natafuta hiyo gari, maana watu watasema mengi. Kaka yako Nzioka na wenzake walipochanga pesa wakanituma nichague gari la kumpeleka mama hospitali, walituma mtu mwenyewe. Hapa yadi naitwa muosha magari, lakini hiyo ni jina tu. Tajiri hawezi kufungua boneti bila kunitazama uso kwanza. Meli ikishusha magari, mimi nasikiliza injini nikiwa ng'ambo ya ukuta, nawaambia hili liliendeshwa na mzee, hili na kijana mwenye haraka.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ni Pajero nyekundu, fupi, milango miwili. Niliijaribu mpaka karibu na Taru, tembo akatokea barabarani, nikapiga honi mara moja tu, akarudi kichakani ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosea nyumba. Injini tamu, na ilikuwa tayari siku hiyo hiyo. Lakini nilipokaa kwa usukani nikatazama kando, nikaona taabu. Kuingia nyuma mpaka ukunje kiti cha mbele. Mama yako apite karibu na bega langu, mimi mkwe wake? Akae nyuma ya shingo yangu, anipumulie kwa kola kutoka Kithyoko mpaka Machakos? Wewe unajua nthoni yetu, ile haya ya mtu na mama mkwe wake. Tangu nikuoe sijawahi kupeana mkono na yule mama. Tukikutana njiani alikuwa anaingia kwa mahindi mpaka nipite. Soda nilizomletea alikunywa nikiwa nimegeuka. Na kwenu kote anayejua kuendesha ni mimi peke yangu.

Ya pili, Terrano ya kijani. Iko juu, mashimo ya huko Masinga haiyaoni. Milango minne. Lakini hiyo iliyokuwa hapa ilikuwa na safu mbili tu za viti. Salim, anayetuuzia magari hapa, akanicheka.

"Watu huuliza injini, wewe Mkamba wauliza mkwe atakaa wapi!"

"Atakaa mbali na mimi."

"Basi mnunulie trela, umvute."

Vijana wa kuosha wakadakia, "Mpandishe kwa keria juu ya paa, mzee, aone nchi!"

Nilicheka pia. Wakati huo nilikuwa bado nacheka.

Ya tatu ndiyo Prado nyeupe, safu tatu. Kutoka usukani mpaka kiti cha nyuma kabisa kuna wilaya nzima hapo katikati. Nikakopa leso kwa mama wa chai, nikajifunga kiunoni, nikapanda mpaka nyuma, nione kama mama wa miguu iliyofura anaweza kuingia bila kuinua nguo. Yadi yote ikapiga vigelegele. "Mama mkwe amefika! Karibu bibi!" Goti langu, na mimi ni mtu mwenye nguvu, lilikataa. Nikasema hapana, huyu mama hatapanda hivi. Nikampa fundi wa kuchomelea kazi ya ngazi ndogo ya vipandio viwili, na mimi mwenyewe nikashona pazia la maua la kukaa katikati yetu. Fundi akasema kesho, kesho ikawa keshokutwa. Ngazi ilimalizika Jumatatu mchana. Nikaipaka rangi nyeupe ifanane na gari.

Kumbe asubuhi ya hiyo Jumatatu mama alikuwa ameshatutoka.

Maneno yako ya jana nimeyarudia mpaka yamechakaa. Umesema Jumapili ulimweleza kwamba gari liko lakini ngazi bado. Halafu akasema, "Mwambie mwanangu alete lile dogo la kwanza. Mimi nitajifunika shuka kichwani, yeye atazame barabara."

Mwanangu. Mama Mueni, mimi kwake nilikuwa "yule wa Mitaboni". Kama hilo neno umeliongeza wewe ili unifariji, usiniambie kamwe.

Mimi ninayeongea mpaka watu wanaomba nipumzike, nilienda nikakaa kwa kiti cha nyuma kabisa, nikavuta pazia. Salim akaja akagonga kioo, akaniona, akaondoka. Baadaye akaniletea chai, akaiweka juu ya boneti. Chai ilipoa hapo.

Sasa sikia, hili ndilo lenyewe. Nzioka anataka nije na gari nimtoe mama mochari hapo Machakos, nimlete nyumbani Jumamosi azikwe. Machakos amefika, lakini chumba si kile tulichomtakia. Viti vya nyuma nimevitoa vyote, na mimi mwenyewe nimelala chini nikapima kwa mwili wangu. Jeneza litaingia. Lakini likiingia, kichwa chake kitakuwa nyuma tu ya bega langu, hakuna safu katikati, pazia halina pa kuning'inia.

Nenda kwa mjomba wako mkubwa. Muulize pole pole, si mbele ya watu: nthoni inaisha mtu akifa, ama mimi bado ni mkwe wake? Akisema haifai, nitatafuta dereva, nami nifuate nyuma kwa pikapu ya watu. Sitakasirika. Akisema inafaa, nitamwendesha mimi, na kila shimo nitalipita kama nimebeba mayai. Kioo cha katikati nimekifungua nikakiweka ndani ya dashibodi, ili nisije nikamtazama bila yeye kujua.

Nitangoja Ijumaa mchana hapo Kyumbi, pale basi zinakata kona ya Machakos. Tuma mtu na neno la mjomba. Bila hilo neno siendi mochari.

Nisalimie Nzioka, shemeji yangu, mwambie asinione mbaya. Salamu kwa dada yangu anayetuangalizia boma. Wale wapwa zangu wakiuliza mjomba amekuja na hadithi gani, waambie wanipokee tu mzigo. Na Mueni umshike karibu, alimpenda nyanya yake sana.

Kula, tafadhali.

Ni mimi mume wako,
Baba Mueni