Nakala Aliyotoka Nayo Twaha

Munira shoga, simama kwanza! Fundi anakuja leo kukuwekea programu ya kunakili kompyuta? Soma hii kabla hajafika.

Unamkumbuka Felicitas wa Temeke, mke wa Stanley? Mwaka 97 uvumi ulimganda kichwani: eti mafundi wa kompyuta wanajifanya wananakili, kumbe wanang'oa diski wakauze.

Stanley akachagua programu inayonakili diski nzima kwenye diski ya pili, siyo faili mojamoja. Akamwambia fundi, Twaha: "Ukimaliza, nakala kaiweke kwako. Nyumba ikiungua tusikose vyote." Lakini Stanley hakumwambia mkewe. HAKUMWAMBIA, Munira!

Felicitas anatoka uani, anamkuta Twaha mlangoni na diski mkononi.

"We! Unaipeleka wapi?"

"Kwangu, mama. Mzee kasema..."

"Mwizi! Mwiziii!"

Basi. Mtaa ukamiminika. Matofali, nondo, mateke ya kichwani. Mtu keshaleta tairi! Twaha analia: "Mama, waambie! Kompyuta ipo, kaangalie!"

Felicitas akakimbia ndani. Kompyuta inawaka, kazi za Stanley zote zimo. Akarudi anapiga kelele, "Siyo mwizi! Mwacheni!" Nani amsikie? Hawakumwachia mpaka polisi walipofyatua risasi hewani. Jicho moja la Twaha halikupona.

Kwa hiyo, shoga:

Usichukue programu kabla hujaonyeshwa inavyorudisha vitu vilivyopotea.

Usilaze nakala nyumba moja na kompyuta.

Usimfiche mtu wa nyumbani nani anatoka na nini.

Na ukiona usichokielewa uliza hata mara mia, ila neno mwizi usilitamke.