Saini ya Ishirini na Tano

Nyumbani kwa Mama Mwavita,
Rumonge mjini,
Jumapili, 26 Aprili 2026

Mpendwa dada yangu Batuli,

Assalam alaykum, na amahoro kwenu nyote. Hujambo wewe, watoto hawajambo, shemeji Asmani na mgongo wake wanaendeleaje? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yangu magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi hauna ugonjwa. Juzi amebishana na muuza mawese mpaka akapunguziwa bei, na alipofika nyumbani akasema kaibiwa.

Ziwa limerudi nyuma kidogo. Njia ya kwenda shuleni imeonekana tena, ila ina tope na mitumba ya nyavu iliyooza, na watoto wanaingia darasani na miguu myeusi.

Barua hii nampa Biasha, anayevuka kwenda Kalemie na vitenge vyake. Mwenzake ataifikisha kwako Lubumbashi. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili, nikakuuliza habari za mvua, nikakata. Nililotaka kusema nimeliandika humu.

Mtandao wetu wa walimu uliotuachia umekua. Mlianza tisa, sasa tuko ishirini na watano, toka hapa mjini, Kizuka, Bugarama, hadi Kabonga. Bado ni kama zamani: mtu analeta somo lililomshinda, wenzake wanamwonyesha walivyolishika. Mwanzoni mwa Januari Kornelia wa Kizuka alitufundisha hesabu ya kutoa kwa kokwa za michikichi. Dada, mimi na watoto wangu tisini na wawili tumesumbuka na hesabu ile miaka mitatu. Sasa wanatoa, na wananisahihisha nikikosea.

Na siku ni ileile uliyotupangia wewe, Jumamosi iliyo karibu zaidi na mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti ndagala mbingu ikiwa nyeupe, kwa hiyo mitumbwi inalala, na sisi ambao mshahara hautufikishi popote hatuna samaki wa kuanika. Jumamosi nyingine ukiitisha kikao, nusu ya walimu utawakuta mchangani wakigeuza ndagala.

Mwaka jana shirika moja lilitangaza msaada kwa mitandao ya walimu: nauli, vitabu, chakula cha siku ya kikao. Tulifurahi kama wajinga. Ili tustahili walitaka katiba, muhuri, barua ya wakuu wa komini, na walimu wasiopungua ishirini na watano katika kila kikao. Katiba tuliiandika mara nne. Ya tatu ilirudi kwa sababu muhuri umegusa maandishi. Basi tukagonga upya, tukakubaliwa, tukapata nusu ya kwanza. Nusu ya pili ingekuja baada ya robo ya mwaka, wakiona tumefuata masharti.

Hapo ndipo tulipopata adabu. Kikao cha Februari kiliangukia Ramadhani. Chakula kilikuwa cha watu ishirini na watano, waliokula kumi na mmoja, wengine tumefunga. Jambo hilo tu lilitaka maelezo ya kurasa mbili! Nikaandika kurasa mbili kueleza kwamba Mwislamu hali mchana wa Ramadhani, kwa watu wanaosikia adhana kila siku.

Mapema mwezi huu akaja mkaguzi wao kutoka Bujumbura, kijana mpole anaitwa Heri. Akakaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamefika kifuani, akafungua karatasi zetu za mahudhurio. Mbalamwezi ya mwaka huu ilitupa vikao viwili Januari, tarehe tatu na thelathini na moja, kimoja Februari tarehe ishirini na nane, halafu tarehe nne Aprili. Miezi mitatu, vikao vitatu, kama walivyotaka. Lakini Machi haina kitu.

"Madamu, ripoti yenu iko muzuri sana," akaniambia. "Lakini Mars iko wapi?"

Nikamweleza taa, ndagala, mitumbwi. Nikamwonyesha kalenda. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Nimeelewa. Lakini mu reglema, mu masharti yetu, hiyo haiko. Kila mwezi kikao kimoja. Munijazie fishi ya mahudhurio ya Mars, musinye wote, kila mtu saini yake, mi sitauliza kitu."

Nikamwambia niandike ukweli, niambatanishe kalenda. Akasema ukweli huo utatutoa, na mtandao ukitolewa hauruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitatu. Siku moja tu imetutenga na Machi, dada, siku moja! Nilitamani kumpiga na ile kalenda. Na nisimwonee, hakutaka hata soda. Alitaka tu mstari wake ujae.

Niliwaita wenzangu. Walikasirika, si kwa kuombwa uongo, bali kwa kuwa nimechelewa kuuandika. Uledi, mweka hazina wetu, aliniuliza kama nataka walimu wa Bugarama wateremke mlima kwa miguu ili roho yangu itulie. Tukachagua Jumamosi moja ya Machi, tukatunga somo, tukatunga saa ya kufika. Karatasi ikazunguka meza ikarudi na saini ishirini na nne.

Aliyebaki ni Nuhu wa Kabonga. Alimaliza chai yake, akasema, "Mi sikukuwa hapa Mars. Na nyinyi hamukukuwa." Akachukua mfuko wake, akaenda kutafuta gari la kwao. Hakugomba na mtu. Afadhali angegomba.

Karatasi ilipita. Kurasa zangu mbili za Ramadhani zilikaa kwao majuma matano. Uongo wetu ulijibiwa kwa siku tatu. Heri alinipigia mwenyewe kunipongeza. "Murakoze cane, asante sana, Madamu. Fishi ya Mars ndiyo imejazwa muzuri kupita zote. Na wakubwa wamefurahi kuona muanzilishi mwenyewe anakuja bado ku vikao."

Ndiyo, dada. Wa ishirini na tano ni wewe.

Jina lako halijatolewa kwenye orodha tangu ulipohama. Saini ya Nuhu nisingethubutu kuiiga, angelisema mbele ya watu. Wewe uko mbali, nikaona haitakuumiza. Nilijizoeza ile B yako yenye mkia nyuma ya daftari la mtoto, mara kumi hivi, mpaka ikakubali. Hakuna aliyenituma. Wengine walidanganya kwa majina yao. Mimi nimedanganya kwa jina langu, kisha na lako. Nimeona aibu kila siku tangu siku ile, na hasira nilizokuwa nazo kwa watu wa Bujumbura sasa sijui nizipeleke wapi.

Sasa wanataka namba yako. Wanaandaa kijitabu cha mitandao iliyofuata masharti, nao wangependa mwanzilishi aseme maneno machache. Nimemwambia Heri simu yako mbovu. Uongo mwingine huo. Mara tatu nimeanza kumwandikia ukweli, mara tatu nimechana, maana nawaona wale wa Bugarama.

Nimeamua hivi. Siku Biasha atakaponiambia barua hii imefika mkononi mwako, nitampa Heri namba yako. Ni woga, najua, kukuachia useme ninalopaswa kusema mimi. Lakini wakikupigia, usinisitiri. Waambie uko Lubumbashi huu mwaka wa pili, na kwamba Machi hukukanyaga Rumonge. Yatakayonipata nitayapokea, na walimu nitawakabili mwenyewe.

Msalimie sana shemeji Asmani, Raisa na mdogo wake Anwari, na yule jirani yako aliyetuletea chumvi. Mama anakusalimu, anasema utume picha ya watoto wakiwa wamesimama, si wamekaa, aone urefu. Mungu awafunike kwa rehema yake, awaepushe na shari za watu na za karatasi.

Mdogo wako akupendaye, na saini hii ni yangu mwenyewe,

Hadjara