Karamu Katika Stesheni Alipofia Shemeji

Élisabethville, siku ya pili baada ya Domenika ya Matawi

Kwa dada yangu Odilia,

Amani ya Bwana wetu Yezu Kristu ikufikie wewe na nyumba yako yote. Je, kifua chako kimetulia? Na mihogo, imepona mvua zile? Mimi ningali nafundisha katekisimu. Goti moja hunitesa kanisani, lakini Mungu analijua.

Barua yako nimeipata. Umeniomba, kwa kuwa ndimi mjomba, nimwamuru Donasiani aache kazi ya reli, isije ikamla kama ilivyomla baba yake. Dada, mwanao hafanyi kazi ya reli.

Waikumbuka stesheni ya zamani, iliyofungwa walipojenga mpya. Hapo mume wako alibanwa katikati ya mabehewa aliyokuwa akiyaunganisha. Tukamlaza katika chumba cha kungojea cha watu weusi, nawe ukaketi chini, nywele umezifumua. Mzungu mmoja ameinunua stesheni hiyo, akaifanya nyumba ya karamu. Chumba kile amekipaka rangi na kupanga meza zenye vitambaa vyeupe. Pale treni zilipokuwa zikisimama, sasa wanacheza dansi, hata katika Kwaresima. Watumishi wa mezani amewavika makoti na kofia za watu wa reli. Chakula kikiwa tayari, Donasiani, mmoja wao, hupuliza filimbi, hupandisha bendera na kuita, “Daraja la tatu, pandeni!” Wageni hucheka mpaka machozi.

Nilikwenda kumtoa. Nilipita mlango wa jikoni, maana wa mbele si wetu.

“Mwipwa, vua hiyo kofia. Hapa damu ya baba yako ilimwagika.”

“Jambo, yomba. Ikala kwanza, ukule.”

Akanivutia kigoda nikae, akaniwekea sahani ya kuku iliyorudi kutoka mezani. Wajua mwiko wetu: mtu hali chakula pahali alipolazwa maiti wa nyumba yake. Nikaisukuma.

Mpishi, mzee mwenye maneno mengi, akaangua kicheko. “Baba Katekista, kama unakatala kula fasi bantu balikufiaka, mu huu muji utakufa na njala!”

Donasiani hakucheka. Aliivuta sahani kwake, akala polepole, amesimama.

“Yomba, baba alivwalaka kofia ya kweli, wagon ikamuponda. Yangu iko ya muchezo tu. Bazungu bacheke, ni mambo yabo. Miye kila siku narudia kwa muke wangu na mikono yote mbili.”

Kwetu neno la mjomba halirudishwi. Nililibeba tayari kinywani tangu kanisani, nami nikalimeza. Ningemwamuru aende wapi? Migodini? Kwenye mabehewa? Nimesali tangu siku ile, na uchungu haujanitoka. Siku ya msiba hata mkuu wa stesheni alipita kimya, akainamisha kichwa. Leo wageni wanapita pale pale na glasi.

Unisalimie kaka yetu mkubwa, mlinzi wa kanisa la misioni. Na mama mkwe wako asiyeona, aendelee kutuombea. Na binti yako anayenyonyesha, mtoto wake nambariki kwa ishara ya msalaba. Na watu wa kijiji wakikuuliza mwanao anafanya kazi gani, usiseme reli, wala usiseme karamu. Sema yu hai.

Kaka yako katika damu na katika ubatizo,
Leonardi, katekista