Prosesa ya Rhoda

Jumanne, 10 Juni 2025

Bei imeshuka. Prosesa ileile, ubongo wa kompyuta, niliyonunua baada ya Pasaka! Muuzaji wa Kariakoo kaiweka stetasi na mshale mwekundu unaoelekea chini. Nimezima data. Nimewasha tena. Mshale bado upo.

Magunia ya mwisho ya mahindi ya mama yaliishia kwenye kile kijipande cha ukubwa wa biskuti.

Mchana Rhoda kavuka barabara kuja kunisalimia. Tulisoma wote, sasa naye ana studio ya video kama yangu hapahapa Majengo, milango inatazamana. Kasema yeye alikuwa anasubiri tu zishuke. Mvumilivu hula mbivu, Bertila. Akacheka. Nami nikacheka — ya meno tu.

Jumatano, 18 Juni

Mzigo wake umefika na basi la Mbeya. Kachukua ya juu kuliko yangu, kwa bei ya chini kuliko yangu. Nilikwenda kuiona, sikuweza kujizuia. Kaniwekea kiganjani kama kifaranga. Nikasoma namba. Mwishoni kuna herufi F.

Hajui maana yake. Zenye F hazitoi picha zenyewe, mpaka uwe na kadi ya picha pembeni. Bila kadi, feni zinazunguka na kioo kinabaki cheusi. Ndiyo maana aliipata rahisi hivyo. Neno lilishafika kwenye ulimi. Nikasema, hongera mwaya.

Naona wivu. Niandike tu, hapa hasomi mtu.

Ijumaa, 20 Juni

Mzee Evaristi kapita. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya upadrisho wa Shemasi Gabriel, kule kijijini Mwazye. Video anataka ikamilike kesho yake, ukoo uione kabla wageni hawajatawanyika. Kwa hiyo kazi ni ya mwenye mashine ya haraka. Ukiifanya vizuri hiyo, harusi zote za wilaya ya Kalambo zinakufuata.

Kasema amesikia Rhoda ana chombo kipya.

Kipya! Changu kina miezi miwili.

Jumamosi, 21 Juni

Ya Rhoda haitoi picha. Kabadilisha waya, kabadilisha kioo, kafungua na kufunga. Fundi simu wa jirani ndiye kaniambia. Chai ya leo ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Kisha nikafungua droo. Kadi yangu ya picha ya zamani ipo, ndani ya soksi. Ingemfaa kabisa. Nikafunga droo.

Jumapili, 22 Juni

Maneno baada ya misa ya pili. Hakuna anayetaja kadi, hakuna anayetaja herufi. Wanasema kompyuta ya Rhoda imefungwa. Eti siku ilipofika kuna mtu aliishika kiganjani, akaikodolea macho, akanyamaza.

Mtu mwenyewe ni mimi. Katika mji huu ambao jina lake tu linamwambia mgeni atupe uchawi wake, mimi mzaliwa ndiye niliyebebeshwa huo uchawi. Mama kaniuliza jikoni, kwa Kifipa, sauti ya chini, kama kuna kitu nimefanya. Mama yangu mzazi.

Nikipeleka kadi, kioo kitawaka, na watasema aliyefunga amefungua. Nisipopeleka, watasema bado nimeshikilia. Na nani atampa mchawi kazi ya upadrisho?

Ningetamka herufi moja tu siku ile. Moja.

Jumatatu, 23 Juni

Wapo dukani sasa hivi. Rhoda kaja na mashine yake, kaifunga kwenye kitenge, kaiweka mezani kwangu. Mzee Evaristi nyuma yake, kofia mkononi. Mlangoni wanawake wa saluni ya jirani.

Nikasema, niachie niifungue, huenda najua tatizo. Rhoda hakuniangalia usoni. Kasema hajaniletea kama fundi. Eti mama yake kasema niiguse tu, kama nilivyoigusa siku ile.

Nikawaambia naenda kutafuta bisibisi.

Naandika stoo, nimesimama. Droo iko wazi. Soksi ninayo mkononi. Mzee Evaristi anakohoa. Kuna mtu anauliza mbona nachelewa.

Namsikia Rhoda, kwa sauti ya heshima ambayo hajawahi kuitumia kwangu: "Subirini. Anajiandaa."