Paja la Kushoto

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima. Chumba changu cha kukanda mwili kina mapazia mapya, na akina mama wanamiminika. Ulinicheka nilipoiacha wodi ya wazazi, eti nimetupa sindano nikashika mafuta.

Leo mteja alishtuka nilipomgusa paja la kushoto.

"Hapo nesi alinizaba kofi nikisukuma mtoto. Miaka tisa sasa."

Nilimtazama usoni, nikamkumbuka. Dada, nesi huyo ni mimi! Wewe mwenyewe, msimamizi wangu wodini, ulinifundisha kwamba kofi humwokoa mtoto.

Nilikiri, nikauondoa mkono. Akaudaka.

"Nilikujua toka mlangoni. Usiutoe. Kanda hapo hapo."

Nawe, dada, bado unawapiga?

Mdogo wako,
mwenye mafuta mikononi