Saluki Aliyelala Uwanjani

Liwa

Kaka yangu Khalfan,

Mungu akulinde huko kwenye baridi. Kifua chako kimepona? Baba anakiulizia kila akimaliza kuswali, kana kwamba mimi ndiye daktari wako. Sisi hapa miili ni mizima, na Shangazi Ghaya bado anagombana na mbuzi wake. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu huku Baba amekaa pembeni akingoja zamu yake.

Unamkumbuka Dhabya, binti wa mwisho wa Rimah, yule saluki wetu wa kuwindia sungura? Ulipoondoka alikuwa bado analala ndani ya kiatu chako. Sasa amekuwa jike wa kutazamwa, kiuno chembamba, kifua kirefu, macho kama amepakwa wanja. Baba aliamua kumpeleka kwenye maonyesho ya saluki ya mwaka huu, akanikabidhi mimi nimfundishe, nikisaidiwa na Bashir, ambaye amewalea saluki wetu tangu wewe na mimi tukiwa wadogo.

Kila asubuhi baada ya kahawa tulikuwa naye uani. Tulimzoesha kutembea ubavuni mwangu kamba ikiwa imelegea, kusimama bila kutikisika, kuonyesha meno bila kunguruma. Bashir alikuwa akijifanya mwamuzi. Alikunja uso, akaweka vidole juu ya nyonga kupima upana kama wanavyofanya wazee, kisha akasema, "Binti, saluki hana kasoro. Sasa tumpime mshika kamba, mbona kapinda mgongo?" Nilicheka, lakini moyoni sikuwa na raha.

Unajua kwa nini. Saluki hauzwi kwetu, hutolewa zawadi, na mgeni akimwomba, Baba hana mdomo wa kukataa. Rimah aliposhinda, Bwana Obaid wa Al Ain alimsifu mara moja tu, na jioni hiyo Rimah akapanda gari lake. Safari hii Obaid hakungoja hata maonyesho. Alikuja kunywa kahawa akamwomba Dhabya, na Baba akamjibu, "Akisimama vizuri mbele ya mwamuzi, ni wako. Sikupi kitu chenye ila." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi.

Siku yenyewe Dhabya alitembea mpaka watu wakanyamaza. Alionyesha meno, akasimama. Mwamuzi akaweka vidole kwenye nyonga, na pale pale Dhabya akalala chini, akainua kichwa kututazama. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mmoja akauliza kama aletewe mto. Mwingine akasema, "Mbwa huyo, mpelekeni jaani." Kaka, unajua Baba asivyovumilia saluki kuitwa mbwa, kana kwamba ni koko wa mitaani. Alimwendea Obaid, akamwambia amsamehe, hana cha kumpa.

Nyumbani Baba alimbonyeza nyonga mwenyewe. Akalala. Akambonyeza tena, akalala tena, na safari hii akalamba kiganja cha Baba, akitafuta tende. Baba si mtoto katika kazi hii. Alielewa kwamba amefundishwa. Akamwita Bashir, akamuuliza ni nani kati ya washindani wetu aliyemnunua. Bashir aliapa, akaapa tena. Baba akamwambia afungashe, atarudi kwao Kassala wiki hiyohiyo.

Kaka, ni mimi. Bashir akishaondoka uani, nilikuwa nikirudi peke yangu, namwekea Dhabya vidole kwenye nyonga, akilala nampa tende. Sikutaka zawadi yoyote. Nilitaka abaki. Na Bashir alipokuwa akikunja godoro lake, nilikaa jikoni nikipiga hesabu ya woga: nikisema, Baba atajua Dhabya hana ila, na ahadi itasimama; nikinyamaza, mzee wa watu anaondoka akiitwa msaliti. Naona haya kukuambia kwamba nilinyamaza siku mbili nzima. Hata nilimfungashia chakula cha njiani.

Gari la kumchukua Bashir lilipofika mlangoni, nilishindwa. Nilimwambia Baba yote, mbele ya Bashir na dereva. Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimwomba Bashir radhi, akashusha mwenyewe sanduku lake garini. Kisha akampigia simu Obaid. Akamtuma Shangazi aniambie kwamba nitamtoa Dhabya kwa mkono wangu, na uso wangu uwe mkunjufu, kwa sababu hatoi zawadi inayoliliwa.

Jana Obaid alikuja. Nilimpaka Dhabya hina miguuni, nikampa Obaid kamba, nikatabasamu. Nilitabasamu, Kaka, mpaka gari likapotea nyuma ya matuta ya mchanga. Baba alikuwa ananitazama uso muda wote, kisha akaingia ndani.

Bashir yupo na anakusalimu, Shangazi pia, anasema uvae soksi mbili. Nami nina ombi moja. Tangu siku ile Baba hajanisemesha. Akitaka maji anamwambia Shangazi. Ijumaa ukipiga simu, usinipigie mimi. Mpigie yeye, umwambie unataka kuongea na mimi, ili alazimike kuniita kwa jina.

Mungu akurudishe salama.

Dada yako,
Maitha